Mashua 1,200 za British Columbia: jinsi Kanada ilivyowafukuza baharini wavuvi wake wenye asili ya Japani

Desemba 7, 1941, siku Japani ilipoishambulia Pearl Harbor, Kanada ilitangaza vita dhidi ya Japani kabla hata Marekani haijafanya hivyo. Kabla mwezi haujaisha, jeshi la majini la Kanada lilikuwa limezuia takriban mashua 1,200 za wavuvi wenye asili ya Japani katika pwani ya jimbo la British Columbia. Hadi kiangazi cha 1942 sehemu kubwa ya mashua hizo ilikuwa mikononi mwa wenye viwanda vya samaki, wavuvi wazungu na majeshi yenyewe. Katika vita vyote hakuna Mkanada hata mmoja wa asili ya Japani aliyefunguliwa mashtaka ya ujasusi au hujuma. Waziri Mkuu Mackenzie King mwenyewe alilikiri hilo bungeni Agosti 1944.

Kwa kawaida habari ya mashua husimuliwa kama aya moja ndani ya habari kubwa zaidi, ile ya watu wapatao 22,000 waliohamishwa pwani kwa nguvu. Sisi tunaona jalada la wavuvi linastahili kusomwa peke yake. Wavuvi ndio walioguswa kwanza, na kwao serikali ilijaribu utaratibu ambao baadaye iliutumia kwenye nyumba, mashamba na maduka. Kuna jambo la tatu linalosahaulika mara nyingi, nalo ndilo zito kuliko yote: mashua hizo hazikuwa za raia wa nchi adui.

Ili kulielewa hilo, tuanze na leseni.

Leseni kabla ya vita

Wavuvi wengi wa Steveston, mji ulio kwenye mlango wa Mto Fraser kusini mwa Vancouver, walitoka kijiji kimoja cha Mio, mkoa wa Wakayama. Seremala wa kijiji hicho, Kuno Gihei, alifika Steveston mwaka 1888, akaona samoni wanavyopanda mto kwa wingi usio na mfano, akawaandikia jamaa zake waje. Wakaja kwa mamia, hata Mio ikapewa jina la utani Amerika-mura, kijiji cha Amerika. Kufikia miaka ya 1930 Steveston ilikuwa na shule, hekalu na mafundi wa kuunda mashua wa Kijapani, na hospitali iliyojengwa mwaka 1900 kwa michango ya chama cha wavuvi. Wengine walikuwa kaskazini kwenye Mto Skeena, wengine Tofino na Ucluelet kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa cha Vancouver wakivua kwa mishipi, na wengine karibu na Nanaimo wakitia chumvi heringi kwa soko la Asia.

Sheria ya uvuvi ilitaka mwenye leseni awe raia wa himaya ya Uingereza, ama kwa kuzaliwa ama kwa kuomba uraia. Hivyo wahamiaji waliotaka kuvua waliomba uraia kwanza. Huo uraia, hata hivyo, haukuwapa kura: British Columbia ilikuwa imewanyima Wajapani haki ya kupiga kura tangu 1895, wawe wamezaliwa huko au la. Tomekichi Homma, mmoja wa viongozi wa wavuvi, alikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo, akashinda jimboni, kisha Baraza la Rufaa la London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa himaya, likampinga Desemba 1902. Matokeo yake yalikuwa kundi la raia wanaolipa kodi na ada ya leseni bila mbunge hata mmoja wa kuogopa kura yao.

Mwaka 1919 wavuvi wa Kijapani walikuwa na leseni 3,267 za kuvua samoni kwa nyavu za jarife, karibu nusu ya leseni zote za aina hiyo. Wanasiasa wa jimbo wakapiga kelele. Mwaka 1922 tume iliyoongozwa na William Duff ilipendekeza leseni za Wajapani zipunguzwe kwa asilimia 40, na kufikia 1925 karibu leseni 1,000 zilikuwa zimefutwa. Huko Skeena walipigwa marufuku kutumia injini. Mvuvi mzungu au wa makabila ya asili aliruhusiwa mashua ya petroli. Mjapani alitakiwa aendelee kwa tanga na makasia, akokotwe na tagi ya kiwanda hadi kwenye eneo la kutega, akae huko na mkondo wa mto. Wavuvi wakashtaki. Mwaka 1928 Mahakama Kuu ya Kanada ilisema waziri hana mamlaka ya kumnyima leseni raia aliyetimiza masharti, na mwaka uliofuata Baraza la Rufaa la London likathibitisha.

Kwa hiyo wizara ya uvuvi ilikuwa imejaribu kwa miaka kadhaa kuwaondoa Wajapani katika uvuvi kwa njia ya kawaida ya kisheria, na mahakama ikaizuia. Sheria ya Hatua za Vita ya 1914, iliyoliruhusu baraza la mawaziri kutoa amri bila kupitia bunge, ilikiondoa kizuizi hicho. Ndiyo maana mashua zilizozuiwa Desemba 1941 zilikuwa, karibu zote, mali ya raia: asiye raia hakuweza kupata leseni ya kuvulia. Hatua ya kwanza kubwa ya serikali dhidi ya mali za "adui" iliangukia kundi ambalo sheria yenyewe ilikuwa imelichuja miaka arobaini hadi wakabaki raia watupu.

Desemba: kukusanya na kufunga

Polisi walikuwa tayari. Kati ya Machi na Agosti 1941 walikuwa wamewaandikisha watu wote wa asili ya Japani wenye umri wa zaidi ya miaka 16, kila mmoja akapewa kadi yenye picha na alama ya kidole gumba. Vita vilipoanza walikamata watu 38 waliowashuku, wakafunga shule za lugha ya Kijapani na magazeti. Mashua zikaachiwa jeshi la majini.

Amri ilikuwa kila mashua isimame, kisha ipelekwe kwenye kituo cha kukusanyia, na hatimaye zote zikafikishwa Mto Fraser, karibu na New Westminster, kwenye tuta la Annieville. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na Kikosi cha Akiba cha Wavuvi, tawi la jeshi la majini lililoundwa na wavuvi wa pwani hiyohiyo pamoja na mashua zao. Wajapani hawakupokelewa ndani yake. Tusizungushe maneno: watu waliotumwa kuzikokota mashua walikuwa washindani wa wenye mashua hizo kwenye maji yaleyale.

Mashua za Skeena zilipaswa kusafiri mamia ya kilomita kuelekea kusini katikati ya majira ya baridi, nyingi zikiwa zimefungwa kwa kamba moja nyuma ya nyingine. Mashua ya jarife ya enzi hizo ilikuwa ya mbao, ndogo, yenye injini ya silinda moja au mbili, na haikuundwa kwa ajili ya kukokotwa kwenye msururu katika bahari ya Desemba. Kamba ikikaza na kulegea kwa kila wimbi, nguzo ya kufungia hung'oka na mbao za ubavuni huachana.

Zilipofika mtoni zilifungwa ubavu kwa ubavu, safu kwa safu. Mtu yeyote aliyewahi kuishi na chombo cha mbao anajua kitakachofuata. Chombo cha mbao huvuja kidogo daima, na mvua ya British Columbia ya Januari hainyamazi. Ngama isipofuliwa maji kila siku mbili tatu, maji hupanda hadi kwenye injini. Injini ikilala ndani ya maji na mafuta yaliyochanganyika, chuma hushika kutu ndani ya silinda na betri hufa. Fraser katika eneo lile huathiriwa na maji kujaa na kupwa, hivyo mashua zilizobanana zilisuguana mara mbili kwa siku, kalafati ikatoka kwenye viungo, na zile za ukingoni zilikalia matope maji yalipopwa, zikaegama, zikajaa. Baadhi zilizama palepale kwenye tuta. Vitu vya kubebeka kama betri, zana na kamba viliibwa. Na mtu ambaye kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kufua maji katika mashua hiyo hakuwa na ruhusa ya kwenda kwa hiari yake kuifua.

Uharibifu huu ulikuwa na kazi yake ndani ya sera. Kadiri wiki zilivyopita, ndivyo hoja ya kuuza haraka ilivyopata nguvu: mashua zinaoza, nchi inahitaji samaki, basi ziuzwe. Kilichoziozesha ni uamuzi wa kuzifunga bila mwangalizi.

Januari: kamati na soko la upande mmoja

Januari 8 na 9, 1942, maofisa walikutana Ottawa kujadili "tatizo la Wajapani". Wawakilishi wa jeshi la nchi kavu, jeshi la majini na polisi hawakuona haja ya hatua za jumla. Wanadiplomasia kama Hugh Keenleyside walizipinga. Msukumo ulitoka kwa wanasiasa wa British Columbia, hasa Ian Mackenzie, waziri aliyeliwakilisha jimbo hilo katika baraza la mawaziri. Kamishna msaidizi wa polisi, Frederick Mead, ambaye aliwafahamu Wajapani wa pwani kuliko waziri yeyote, hakusikilizwa. Tunaitilia uzito taarifa hii kwa sababu utetezi wa sera hii hadi leo huegemea "taarifa za kijeshi". Taarifa zilikuwepo, nazo zilisema kinyume.

Katikati ya Januari serikali ilipiga marufuku watu wa asili ya Japani kuvua au kufanya kazi kwenye mashua za uvuvi hadi mwisho wa vita, na ikaunda kamati ya kuziuza. Wajumbe walikuwa watatu: Jaji Sidney Smith kama mwenyekiti, Kamanda B. L. Johnson wa jeshi la majini, na Kishizo Kimura, mfanyabiashara wa samaki wa kutiwa chumvi aliyekuwa mhamiaji kutoka Japani.

Kimura amelaumiwa na kuonewa huruma kwa zamu. Tunadhani nafasi yake ielezwe kwa haki. Alijua bei za mashua na aliwajua wenyewe. Angekataa, kiti chake kingekaliwa na mtu asiyejua lolote kati ya hayo mawili. Lakini kuwepo kwake kuliipa kamati sura ya makubaliano ambayo masharti yenyewe hayakuwa nayo.

Masharti yalikwenda hivi. Kamati haikuwa na mamlaka, mwanzoni, ya kuuza bila ridhaa ya mwenye mashua. Ilithamini, ikawakutanisha muuzaji na mnunuzi, ikapitisha bei. Mwenye mashua angeweza kukodisha badala ya kuuza. Kwenye karatasi hilo ni soko. Katika hali halisi muuzaji alikuwa amekatazwa kuvua, kwa hiyo chombo hakikumwingizia hata senti. Mnunuzi hakuweza kuwa Mjapani mwenzake. Zaidi ya mashua elfu moja zilikuwa sokoni kwa wakati mmoja, na kila wiki ya kungoja bei bora ilikuwa wiki nyingine ya maji ngamani. Wengi walikuwa na deni kwenye viwanda, kwani desturi ya pwani ile ilikuwa kiwanda kukopesha nyavu, injini na hata chombo, kisha kukata deni kwenye samaki wa msimu. Msimu ulipofutwa, deni lilibaki na mdai akawa ndiye mnunuzi aliye karibu zaidi.

Halafu kuna kalenda. Sockeye, aina ya samoni, wa Mto Adams, tawi la mbali la Fraser, hurudi kwa wingi mkubwa kila mwaka wa nne, na 1942 ulikuwa mwaka huo. Uingereza nayo ilikuwa ikihitaji samoni wa makopo kwa chakula cha vita. Viwanda vilihitaji mashua majini kabla ya kiangazi. Shinikizo la kuuza kufikia majira ya kuchipua halikutokana na hofu ya manowari. Lilitokana na samaki waliokuwa njiani. Laiti serikali ingetaka tu samaki, waliokuwa na ujuzi wa kuwavua walikuwepo tayari, na baadhi yao walijitolea kuvua chini ya ulinzi wowote ambao jeshi lingechagua.

Julai 1942 kamati ilivunjwa, na mashua zilizobaki zikakabidhiwa Msimamizi wa Mali za Adui, ofisa wa serikali aliyeshika mali za waliohesabiwa maadui, safari hii akiwa na mamlaka ya kuziuza bila ridhaa ya mtu. Wale waliokuwa wamekataa bei ya kamati ndio waliopata hasara kubwa zaidi, kwa kuwa vyombo vyao vilikuwa vimekaa majini miezi minane bila kutunzwa.

Wasomaji wa Tanzania wanaijua ofisi yenye jina hilo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Msimamizi wa Mali za Adui aliuza mashamba ya Wajerumani huko Tanganyika. Wale walikuwa raia wa Ujerumani na mkataba wa amani ulilitaja suala lao. Huko Fraser mali iliyouzwa ilikuwa ya raia wa Mfalme yuleyule ambaye Msimamizi alimtumikia.

Kutoka mashua hadi nyumba

Februari 24, 1942, amri ya baraza la mawaziri P.C. 1486 iliruhusu kuondolewa kwa kila mtu wa asili ya Japani katika ukanda wa maili 100 kutoka pwani, yaani kilomita 160. Familia za wavuvi kutoka vijiji vya mbali zilifikishwa Hastings Park, Vancouver, zikalazwa kwenye mabanda ya mifugo ya uwanja wa maonyesho. Kutoka hapo wanaume wengi walipelekwa kambi za kujenga barabara, familia zikapelekwa miji iliyoachwa na wachimba madini kama Slocan, Sandon na Kaslo, na wengine mashamba ya viazisukari ya Alberta na Manitoba. Mvuvi aliyezoea kupima kina kwa pima na kusoma mkondo alikabidhiwa jembe kwenye nyika kavu yenye umbali wa siku mbili kutoka baharini.

Machi 1942 waliambiwa mali walizoacha zingeshikwa na Msimamizi kwa ajili ya ulinzi tu. Januari 19, 1943, amri P.C. 469 ikampa Msimamizi mamlaka ya kuziuza bila idhini. Ukiweka amri hizi kando ya historia ya mashua utaona hatua zilezile kwa mpangilio uleule: shika kwa jina la usalama, mzuie mwenyewe asitunze, eleza kuwa mali inaharibika, uza, kisha katika mapato kata gharama za utunzaji na za mwenyewe kuishi kambini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ya kikatili kuliko zote. Familia nyingi zililipia kufungwa kwao kwa pesa za mali yao.

Kusini, huko Terminal Island kwenye bandari ya Los Angeles, jumuiya nyingine ya wavuvi, watu wapatao 3,000, nayo iliangushwa Februari 1942 kwa njia tofauti: jeshi la majini la Marekani liliwapa saa 48 kuondoka, na wanunuzi wa vitu vya bei ya kutupa wakawa wanazunguka na malori mitaani. Kule wingi wa hasara ulitokana na haraka. Kanada iliunda kamati, ikaweka jaji, ikaandika daftari, na kwa sababu hiyo mkondo wa pesa unaweza kufuatwa hadi leo, karatasi kwa karatasi.

Fidia na kurudi

Tume ya Jaji Henry Bird, iliyofanya kazi kuanzia 1947 hadi 1950, ilipendekeza walalamikaji walipwe takriban dola milioni 1.2 kwa jumla. Swali ililopewa lilikuwa jembamba: je, Msimamizi aliuza chini ya bei ya soko ya siku ile? Misimu saba iliyopotea, leseni, eneo la kutega ambalo familia ililijua vizazi viwili, mteja wa heringi aliyehamia kwingine, hayo hayakuwa ndani ya swali. Na "bei ya soko" ya 1942 ilikuwa bei ya soko lililoelezwa hapo juu, ambamo muuzaji hakuruhusiwa kutumia alichokuwa akiuza.

Marufuku ya kurudi pwani iliondolewa Aprili 1, 1949, karibu miaka minne baada ya vita kumalizika. Kabla ya hapo, mwaka 1946, watu karibu 4,000 walikuwa wamesafirishwa kwenda Japani, zaidi ya nusu yao wakiwa wazaliwa wa Kanada. Waliorudi Steveston hawakuwa na chombo wala wavu wala dhamana ya kukopea benki. Viwanda ndivyo vilivyowakopesha mashua na nyavu, kwa sharti la kupeleka samaki wote kwao. Wavuvi wenye uzoefu wa miaka ishirini wakaanza tena na deni, mara nyingi kwa viwanda vilivyokuwa vimenunua mashua mwaka 1942.

Chama cha wafanyakazi wa uvuvi cha pwani kiligawanyika kuhusu kuwapokea. Tatsuro "Buck" Suzuki, mvuvi wa Fraser aliyekuwa ametumika katika ujasusi wa jeshi la Uingereza mwishoni mwa vita, alizunguka kuwashawishi wavuvi wazungu wasirudie siasa za 1922. Safari hii leseni hazikuwekewa mgawo wa rangi.

Septemba 22, 1988, serikali ya Brian Mulroney iliomba radhi bungeni na kulipa dola 21,000 kwa kila aliyekuwa hai kati ya walioathirika. Kiasi kilikuwa sawa kwa wote, mwenye mashua na asiye nayo, kwa sababu kilifidia uhuru na uraia na hakikupima mali. Mei 2022 jimbo la British Columbia likaongeza dola milioni 100 kwa huduma za wazee waliosalia na urithi wa jumuiya yao. Kuhusu thamani ya mashua zilizofungwa Annieville, hesabu rasmi ya mwisho iliyofanywa bado ni ile ya Jaji Bird.